Mtoto Anakuja: Fedha ya Kwanza Iwekwe Wapi?

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya begi la mama mjamzito. Sisi wauguzi wa wodi ya wazazi hapa Turiani huona mabegi mengi. Mama mmoja huja na kapu la ukindu, mwingine na ndoo yenye mfuniko, mwingine na begi jipya lenye magurudumu. Tukilifungua kutafuta kanga ya kumpokelea mtoto, mara nyingi tunatambua jinsi familia ilivyopanga mambo yake, na fedha zao chache zimekwenda wapi.

Kuna begi moja ambalo hatulisahau. Ilikuwa masika, miaka kadhaa iliyopita. Alfajiri aliletwa mama mmoja kutoka kijiji cha juu milimani, upande wa Maskati. Ilikuwa mimba yake ya pili. Mume wake alikuwa amelowa mvua mwili mzima, naye amelikumbatia begi kifuani lisiingie maji. Ndani mlikuwa na blanketi zito la manyoya, viatu vya kufuma, chupa mbili za kunyonyeshea, poda, mafuta ya kunukia na nguo sita mpya. Vyote vilikuwa vya mtoto. Hapakuwa na kanga ya ziada wala pedi ya mama, na mfukoni mwa baba hapakuwa na hata shilingi.

Damu ilianza kumtoka mama huyo saa mbili za usiku. Mwenye pikipiki alitaka malipo kwanza, kwa kuwa njia ilikuwa tope na giza limeingia. Baba alizunguka nyumba kwa nyumba kukopa, akatimiza fedha saa nane za usiku. Walipofika kwetu, mama tuliwahi kumwokoa. Mtoto hatukuwahi. Siku ya nne waliruhusiwa kwenda nyumbani, na begi likapanda tena mlimani na nguo zake zote mpya.

Hatusemi haya ili kumlaumu baba yule. Alimpenda mwanawe, na alitumia alichokuwa nacho. Tatizo lilikuwa katika mpangilio: vilivyotangulia kununuliwa ndivyo vilivyostahili kuja mwisho. Nasi wauguzi tulijiuliza. Kila siku tunawafundisha akina mama dalili za hatari. Je, tunawaambia pia fedha ya kwanza iwekwe wapi? Ndiyo sababu ya somo hili.

JE, NI UCHURO KUANDAA MAPEMA?

Wazee wetu walisema: Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Familia nyingi huuchukua usemi huu kama ulivyo, wakaogopa kununua hata kitambaa kimoja kabla ya mtoto kulia. Wanasema ni kujiletea mkosi. Matokeo yake, siku ya uchungu baba hukimbia dukani Madizini saa ya kufunga maduka, akanunua kwa bei yoyote atakayotajiwa, na huku mama anahitaji mtu wa kukaa naye.

Hatuwadharau wazee. Usemi huo waonya juu ya majivuno, yaani kujisifia kitu ambacho bado hujakipata. Lakini wazee hao hao waliweka kuni kavu ndani ya nyumba ya mjamzito kabla ya mvua, na bibi aliitafuta mbeleko mapema ingawa hakuionyesha. Kujiandaa hakukuwa mwiko. Kujionyesha ndiko kulikokatazwa. Basi, kama mama ana hofu, vitu vitunzwe kimya kimya kwa bibi au kwa shangazi. Mama hana haja ya kuvitazama kila siku. Ila awepo mtu mwingine nyumbani anayejua vilipo na awezaye kuvichukua hata usiku.

Tena vitu vingi tutakavyovitaja ni vya kumlinda mama mwenyewe. Mama tayari yupo, na kumwandalia yeye hakuwezi kuwa uchuro.

Tugawe maandalizi katika mafungu matatu. Fungu la pili lisiguswe kabla la kwanza halijakamilika, wala la tatu kabla ya la pili.

FUNGU LA KWANZA: SAFARI

Kitu cha kwanza kuandaliwa kwa ajili ya mtoto ni safari ya mama yake. Barabara ya Magole hadi Turiani siku hizi ni ya lami, na anayekaa kando yake hupata gari kwa urahisi. Lakini wengi wetu hatukai kando ya lami. Wengine wako milimani, na wengine wako ng'ambo ya mito ambayo wakati wa masika hujaa na kukata njia. Kwa hao, nauli ya mchana wa kiangazi na nauli ya usiku wa mvua ni vitu viwili tofauti kabisa.

Fanyeni hivi:

1. Ulizeni bei ya pikipiki au gari kutoka nyumbani kwenu hadi hospitali, usiku na wakati wa mvua. Wekeni akiba kwa hesabu ya bei hiyo, ya kwenda na kurudi. Hatuandiki kiasi hapa, maana kila kijiji kina bei yake na bei hupanda.

2. Zungumzeni mapema na waendesha pikipiki wawili, si mmoja. Namba zao za simu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa sababu simu huzima chaji.

3. Ijueni namba 115. Hiyo ni namba ya simu ya mpango wa serikali uitwao m-mama, nayo haitozwi fedha. Hupigwa kuomba usafiri wa dharura kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua na kwa mtoto mchanga. Hata hivyo msiache kuweka akiba yenu, kwani kuna mabonde ambako simu haishiki.

4. Mama anayekaa mbali, au aliyeambiwa kliniki kwamba mimba yake ina hatari, asingoje uchungu. Aje karibu na hospitali wiki mbili hivi kabla ya siku aliyokadiriwa. Akae kwa ndugu, au katika nyumba ya kusubiria wajawazito mahali ilipo, ile ambayo wengine huiita chigonela. Gharama ya unga na maharage ya wiki mbili aghalabu ni ndogo kuliko pikipiki ya usiku wa manane.

5. Wachagueni ndugu wawili walio tayari kuchangia damu. Hili halina gharama yoyote, lakini kumtafuta mtu huyo wakati damu inamwagika ni kazi ngumu sana.

Nani ashike fedha hii? Katika koo zetu za Waluguru na Wanguu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno lake. Yafaa baba, mama, bibi na mjomba wakae pamoja mara moja na kukubaliana: mama akishikwa na dalili ya hatari, aondoke mara moja, hata kama baba yuko shambani na mjomba yuko Dakawa. Tumeona wagonjwa waliocheleweshwa kwa kungoja ruhusa, na kufungwa kwa njia hakukuwa sababu hata kidogo.

FUNGU LA PILI: VYA KUJIFUNGULIA

Sera ya nchi yetu ni kwamba mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Lakini vifaa huweza kupungua, na orodha ya kituo kimoja hutofautiana na ya kingine. Kwa hiyo, ukihudhuria kliniki, muulize muuguzi waziwazi: "Nije na nini, na kipi nitakikuta?" Usione haya kuuliza. Ni afadhali kuuliza mara mbili kuliko kununua kitu ambacho kipo.

Kwa kawaida mama huhitaji vitu hivi:

Kanga doti 2, yaani vipande vinne, safi na vilivyokwisha kufuliwa. Si lazima ziwe mpya. Kanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini na hunywa maji vizuri kuliko ile yenye wanga wa dukani. Kipande kimoja ni cha kumpangusia mtoto mara azaliwapo, cha pili cha kumfunikia, na viwili ni vya mama.

Nailoni safi ya kutandika kitandani, kiasi cha mita moja na nusu.

Glovu, pamba, uzi au kibana cha kitovu, na wembe mpya usiofunguliwa, kama kliniki wamekuagiza.

Pedi, au vitambaa vya pamba vilivyofuliwa, kuanikwa juani na kupigwa pasi. Akina mama husahau pedi kuliko kitu kingine chochote.

Sabuni ya kipande, ndoo moja yenye mfuniko, beseni moja, kikombe na chupa ya chai.

Kadi ya kliniki. Hii haina bei, lakini ndiyo inayotuambia kundi la damu, wingi wa damu, chanjo alizopata na matatizo ya uzazi uliopita. Itiwe ndani ya mfuko wa plastiki isilowe.

Kuhusu wembe na uzi tungependa kueleza zaidi. Kila mama anapaswa kujifungulia mahali penye mtaalamu, na hatuwafundishi kujifungulia nyumbani. Hata hivyo mtoto huweza kuzaliwa njiani, pikipiki ikiwa bado inapanda kilima. Hapo wembe mpya, uzi safi, sabuni na nailoni huokoa maisha. Wembe uliokwisha kutumika, au kisu cha jikoni, huweza kuingiza vijidudu vya pepopunda katika kitovu. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imedhibiti pepopunda ya watoto wachanga na wazazi. Ni kazi kubwa iliyofanywa na chanjo pamoja na uzazi safi. Lakini vijidudu vyenyewe bado vimo udongoni na katika samadi, wala haviondoki. Kwa hiyo mama apate chanjo zake zote za pepopunda, na kitovu kisipakwe samadi, majivu, mate wala mafuta. Kitovu kiachwe kikavu na safi; kitaanguka chenyewe.

FUNGU LA TATU: VYA MTOTO

Mtoto mchanga ana mahitaji machache: joto, maziwa ya mama, usafi, na kulindwa na mbu. Kitu chochote unachotaka kununua, kipime kwa mahitaji haya manne. Kama hakimsaidii mtoto katika mojawapo, kinaweza kungoja.

Kwa miezi mitatu ya kwanza vitu hivi vinatosha:

Nepi za kitambaa 12. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 10 kwa siku. Ukiwa na 12, siku ya jua unafua asubuhi na kuvaa jioni. Wakati wa masika, au huko milimani ambako ukungu hukaa hadi mchana, ongeza sita. Nepi bora hutengenezwa nyumbani kwa shuka la pamba lililochakaa au kanga ya zamani, likakatwa mraba na kupindwa kingo.

Fulana ndogo 4, sweta 1 au 2, kofia 2 na soksi jozi 2. Nunua za ukubwa wa kuzidi kidogo, kwa sababu mtoto hukua upesi.

Kanga au shuka 3 za kumfunikia, na blanketi 1 jepesi.

Mbeleko moja imara.

Beseni la kuogea, ambalo ndilo lile lile la mama likisafishwa, na sabuni isiyo kali.

Chandarua chenye dawa. Hiki usikinunue kabla ya kuuliza. Zamani, kuanzia mwaka 2004 hadi 2014, mjamzito alipewa hati punguzo ya kununulia chandarua. Baada ya hapo chandarua kikaanza kutolewa bure kliniki. Ukihudhuria kliniki mara ya kwanza, kiulizie. Nacho kitumike kwa mama na mtoto kulala pamoja. Kisiwe cha kufunikia vifaranga wala kuzungushia bustani.

Mavazi yafuate mahali. Mtoto wa Maskati na mtoto wa Mtibwa hawavai sawa. Kule juu usiku kuna baridi, na sweta na kofia ni lazima. Huku chini mashamba ya miwa na mpunga yalipo, kuanzia Novemba hadi Februari joto ni kali, na tumepokea watoto wenye homa ambao homa yao iliisha tulipowavua sweta mbili na blanketi. Kanuni ni rahisi: mvike mtoto vazi moja zaidi ya ulilovaa wewe. Kisha gusa tumbo na nyayo zake. Tumbo likiwa na joto na nyayo zikiwa za baridi, ongeza nguo. Shingo ikiwa na jasho, punguza. Lakini mtoto akiendelea kuwa na joto kali baada ya kupunguziwa nguo, usikae naye nyumbani, mlete.

Mitumba yafaa? Yafaa sana. Nguo za mtoto huvaliwa wiki chache tu, kwa hiyo za mtumba huwa bado zina nguvu. Chagua za pamba, zisizo na vifungo vinavyolegea wala kamba shingoni. Kabla hajavaa, zifuliwe kwa maji ya moto, zisuuzwe hadi povu liishe, zianikwe juani kwenye kamba, na zipigwe pasi pande zote mbili. Hata nepi zipigwe pasi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya uvimbe kama jipu. Moto wa pasi huyaua mayai hayo.

Nguo za kurithi kutoka kwa kaka na dada zake, au kwa mtoto wa jirani, ni njema vile vile. Hata gauni jeupe la ubatizo laweza kuwa moja kwa jumuiya nzima, likatunzwa na mama mmoja na kuazimwa zamu kwa zamu.

VITU VINAVYOWEZA KUNGOJA, NA VISIVYOFAA

Pampas si mbaya, hasa safarini. Lakini piga hesabu: ukitumia sita kwa siku, ni 180 kwa mwezi. Muulize mwenye duka bei ya 180, kisha linganisha na shuka moja la kukatia nepi. Nepi za kitambaa humsubiri pia mdogo wake.

Kitanda cha mtoto si lazima. Mtoto alale karibu na mama, chali, chini ya chandarua. Mto na blanketi zito vinaweza kumziba pumzi, viachwe.

Poda haina kazi, na vumbi lake huingia mapafuni. Mafuta ya manukato huweza kumwasha ngozi. Wanja usipakwe machoni. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mtoto azaliwapo hospitalini hutiwa dawa ya macho, nayo inatosha. Uzi au shanga za shingoni humnyonga mtoto usingizini.

Chupa ya kunyonyeshea na maziwa ya kopo ndivyo vinavyotusumbua zaidi. Kopo la gramu 400 humtosha mtoto siku 3 hadi 5 tu. Kwa miezi sita ni makopo 40 hadi 50. Familia isiyoweza kununua makopo hayo huongeza maji ili kopo lidumu, na mtoto hukonda mbele ya macho yao. Tena maji yasiyochemshwa na chupa isiyooshwa vizuri huleta kuhara. Ndiyo maana tangu mwaka 1981 mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa haya, na Tanzania ikatoa kanuni zake mwaka 1994. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji, bila dawa ya tumbo ya dukani. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI naye hunyonyesha, akitumia dawa zake kila siku na kufuata maelezo ya kliniki. Wachache wenye sababu maalumu wataelekezwa na daktari.

Fedha ambayo ingenunua chupa, inunue chakula cha mama: maharage, dagaa, mayai, mchicha, mapapai. Mama akila vizuri, anapata nguvu ya kunyonyesha na kupona.

KITU BORA KISICHONUNULIWA

Mwaka 1978, huko Bogotá katika nchi ya Colombia, hospitali ya wazazi ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakafungwa kwa kitambaa. Watoto walipata joto, wakanyonya na kukua. Leo njia hii, tunayoiita kangaruu, hutumika duniani kote, nasi tunaitumia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto njiti, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, aanze kuwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa.

Hata mtoto mwenye uzito kamili hupata joto lake la kwanza kifuani mwa mama, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Asiogeshwe mpaka saa 24 zipite, apanguswe tu. Kwa hiyo msihuzunike mkiwa hamna blanketi la manyoya. Kifua cha mama na kipande cha kanga ni bora kuliko blanketi lolote la dukani. Na mama akizidiwa, kifua cha baba kinafaa pia. Akina baba, msikimbie!

Vingine visivyonunuliwa ni mahudhurio ya kliniki, ambayo tangu mwaka 2016 yashauriwa kuwa 8, vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria, na chanjo za mtoto. Ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mara azaliwapo. Mtu anayenunua nguo za bei na kukosa vitu hivi vya bure, bado hajajiandaa.

NAMNA YA KUWEKA AKIBA

Mimba huchukua wiki 40 hivi. Mama akijitambua mapema na kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, anabakiwa na wiki 28. Chukueni jumla ya nauli na vifaa, mgawanye kwa 28, mpate kiasi cha kila wiki. Kiasi kilichoonekana kikubwa kwa mara moja huwa kidogo kikigawanywa hivyo. Kiwekwe katika kibubu, katika kikundi cha VICOBA, au katika simu ya mama. Kisiwe katika simu ya baba peke yake, maana huenda akawa safarini siku hiyo.

Huku kwetu fedha huja kwa msimu. Mwenye mpunga au mwenye shamba la miwa atenge sehemu ya mtoto siku ile ile ya kuuza, kabla ya madeni na sherehe. Kibarua atenge siku ya malipo. Asiye na fedha taslimu atenge debe la mpunga au kuku wawili na kusema mbele ya watu: hawa ni wa safari ya mama.

Na sisi majirani? Jumuiya zetu huchanga haraka sana kwa ajili ya msiba. Tungechanga nusu ya hiyo kabla ya uzazi, misiba mingine isingekuwapo. Jumuiya yaweza kuwa na ndoo moja yenye nailoni, kanga safi, sabuni na wembe mpya, pamoja na fedha kidogo ya pikipiki, kwa ajili ya mama atakayeshikwa ghafla. Kinachotumika kirudishwe polepole.

MWISHO

Miaka miwili baada ya usiku ule wa masika, mama yule wa milimani alikuja tena. Safari hii alifika mchana, wiki mbili kabla ya siku zake, akakaa kwa ndugu yake hapa Madizini. Uchungu ulipoanza alikuja kwa miguu akiwa na mumewe. Tulilitafuta lile begi, hatukuliona. Baba alikuwa na ndoo moja tu.

"Shikamoo mama," alitusalimu. "Safari hii tulianza na nauli."

Ndani ya ndoo mlikuwa na kanga nne zilizochakaa, nailoni, pedi, sabuni, kofia moja, fulana mbili na nepi zilizokatwa kwa shuka. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya jua kuzama, akiwa na kilo 3 na robo, akalia kwa sauti kubwa. Tulimpangusa kwa kanga ya kwanza na kumfunika kwa ya pili kifuani mwa mama yake.

KATA UBANDIKE UKUTANI

Kwanza: nauli ya usiku, namba mbili za pikipiki, namba 115, watu wawili wa kuchangia damu.

Pili: kadi ya kliniki, kanga 4, nailoni, pedi, sabuni, ndoo, beseni, wembe mpya, uzi, na vingine ulivyoagizwa.

Tatu: nepi 12, fulana 4, sweta, kofia 2, soksi, shuka 3, blanketi jepesi, mbeleko, chandarua.

Ondoka nyumbani mara moja ukiona: damu, maji kupasuka, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, kifafa, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, degedege, mwili wa moto au wa baridi, rangi ya manjano hadi nyayoni, kitovu chenye wekundu au usaha.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Kama mama wa nyumba hii angeanza kutokwa damu usiku wa leo, nani angempeleka, kwa chombo gani, na fedha iko wapi?

2. Katika vitu tulivyopanga kununua, vipi humpa mtoto joto, maziwa, usafi au kinga ya mbu? Vipi ni vya kupendeza tu?

3. Je, katika jumuiya yetu yuko mjamzito ambaye hana mtu wa kumsaidia? Nani atakwenda kumwona wiki hii?